Neno Moja la Kocha Haverkamp

Orrin Haverkamp aliajiriwa na chuo chetu kule Nebraska afundishe kemia. Futiboli ya kwetu, ile ya kukumbatia mpira kifuani na kugongana vichwa, alibebeshwa wiki ya kwanza. Mpira wa kikapu ulifuata baridi ilipoingia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala walimochezea. Aliipenda kazi hiyo kuliko kemia, na pengine kuliko mkewe, aliyewashonea vijana jezi bila kulalamika.

Enzi zile kanuni ilimtaka kocha awe bubu. Mchezo ukianza, akae benchi afumbe mdomo. Akimsemesha mchezaji, timu yake inaadhibiwa kwa kurudishwa yadi kumi na tano kuelekea lango lake. Mchungaji Pruitt, mkuu wa chuo, aliipenda mno kanuni hiyo. Uungwana, alisema, ni kujua na kunyamaza.

Novemba ya 1913 tulikuwa tunawaongoza watani wetu wa Holloway kwa pointi moja, mchezo unaelekea ukingoni, mpira wanao wao. Emil Stuhr, mtoto wa mwenye kinu cha unga, akapigwa goti la kichwa. Akainuka, akaenda kujipanga upande wa Holloway.

"We Emil, umehamia lini?" mmoja wao akamtania. "Mahari umeshatoa?"

Uwanja ukacheka. Emil naye akacheka, kisha akatapika.

"Unaweza?" mwamuzi akamuuliza.

"Naweza. Leo si Jumapili?"

Ilikuwa Jumamosi. Mchezaji wa akiba hatukuwa naye. Yule mmoja wa pekee alilala bwenini na matubwitubwi. Haverkamp akamtazama Pruitt jukwaani, akautazama uwanja, akasimama.

"Emil, mwanangu, toka."

Filimbi ikalia. Yadi kumi na tano zikawafikisha Holloway mlangoni kwetu, nasi tumebaki wachezaji kumi. Wakaingia kama wanaingia sebuleni kwao, wakaondoka na ushindi.

Jumatatu Pruitt akamwita ofisini. "Kocha, ulibakiza dakika chache tu za kunyamaza."

"Mtoto asingezimaliza, Mchungaji."

"Hilo hatutalijua kamwe."

Alisema kweli. Msiba uliozuiwa hauachi kaburi la kuonyesha watu. Wakamnyang'anya futiboli, na kabla ya Krismasi mpira wa kikapu pia, wakamwachia kemia. Jumamosi zilizofuata, mpaka anastaafu, alifunga madirisha ya maabara akaosha chupa, huku kelele za uwanjani zikipenya hivyo hivyo.

Alipokufa, chuo kilikuwa kinajenga ukumbi mpya wa mpira wa kikapu. Mzee mmoja aliyewahi kumchezea akapendekeza uitwe Haverkamp. Emil Stuhr, sasa mwenye kinu na mjumbe wa bodi, akaomba kusema.

"Yule mtu alininyima mchezo wangu," akasema. "Sikuwa na tatizo lolote. Si mnaniona?"

Wakamtazama. Mashavu mekundu, akili timamu, wajukuu watano. Hakuwa na lolote kweli.

Ukumbi ukaitwa Pruitt.