Nilimkanda Yaya Mguu Uliovimba

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu, nimekwisha kuzitafuta zote mwenyewe na hakuna hata moja iliyosimama.

Mimi ndiye niliyefika chuo kikuu katika ukoo wetu hapa Wamaza. Corona ilipokuja nilicheka. Nilibishana na padri, nikabishana na muuguzi wa kituo cha afya. "Nionyeshe ushahidi" ndiyo ilikuwa salamu yangu! Yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea baada ya mama kufariki, aliniita Mutoto wa Maswali.

Kisha yaya akaugua. Homa, kikohozi, siku kumi kitandani. Muuguzi akampima, akasema ni corona. Alipopata nafuu nikatamba: "Si munaona? Mafua tu!"

Wiki mbili baadaye mguu wake wa kushoto ukavimba. Ule mmoja tu, wenye joto, ngozi imekaza. Muuguzi akaja na baiskeli yake, akautazama.

"Musikande huu muguu. Ule ugonjwa unaumizaka mishipa ya damu kwa ndani, damu inaganda. Mumupeleke hospitali ya Kasongo leo."

Kwetu mguu ukivimba unakandwa: maji ya moto, mawese, nguvu za mikono. Nikamuuliza, "Corona iko ya mapafu. Imepitia wapi mpaka kwa muguu?"

"Na damu inapitaka wapi? Si kila pahali?"

Lilikuwa jibu zuri. Nililikataa kwa sababu aliyelitoa hakusoma chuo. Ee Mungu!

Nikachemsha maji. Nikamkanda yaya mimi mwenyewe, kutoka kifundo hadi pajani, asubuhi na jioni, siku mbili.

"Polepole!" alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Muguu si majani ya sombe unatwanga hivyo!"

Siku ya tatu, nikiwa bado nimeushika mguu, akajishika kifua. Hewa ikakataa kuingia.

Tukampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mimi, nikamfunga kwangu kwa kitenge. Barabara yetu mnaijua. Matope! Kila shimo nilisikia pumzi yake ikikatika juu ya kifua changu, na sikuwa na la kufanya ila kumshika.

"Mutoto wa Maswali," alinong'ona, "leo hauna swali?"

Nikakaza kitenge. Kabla ya kufika Kasongo kichwa chake kikalala begani kwangu, kikawa kizito.

Daktari aliyeupokea mwili alisema huenda donge la damu lilitoka mguuni likapanda hadi mapafuni. Huenda lingepanda hata bila mikono yangu. Huenda! Neno nililolipenda maisha yangu yote. Sasa linanila, na hakuna wa kunijibu.

Ninyi mnaosoma, mtu aliyeugua corona akivimba mguu mmoja, msiukande. Msiuchanje kwa wembe. Mpelekeni hospitali siku ileile. Maswali ulizeni yote, lakini ulizeni mkiwa tayari barabarani.