Mramura Getini kwa Mwenyekiti

Leo mjini wamechimba mashimo ya maua kuzunguka mnara wa kumbukumbu ya wakimbizi, na harufu ya ule udongo mbichi ikanirudisha kwenye migomba ya mama.

Mama mmoja mkimbizi, aliyekuwa akitulimia tumlipe ndizi, alifiwa na mwanawe mchanga. Mwenyekiti wa kijiji alikataa mtoto azikwe kwetu. "Ardhi ya kijiji si ya wapita njia," alisema. Mama yangu akamzika kati ya migomba yake, akachomeka juu yake kijiti cha mramura, mti tunaoupanda makaburini ili jembe lisipite. Kesho yake mwenyekiti akaja, akaung'oa mbele ya yule mfiwa, akautupa barabarani.

Niliuokota nikilia.

"Nyamaza," mama aliniambia. "Huu hata ukiukata vipande, unaota."

Sasa jina la mwenyekiti limechongwa kwenye mnara, la kwanza kabisa, eti aliwapokea wageni kwa moyo mweupe. Mtoto yule hakutajwa popote. Nikamkuta mwenyekiti mwenyewe, mzee sasa, amekaa chini ya turubai la wageni rasmi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea maua?"

"Nimeleta mramura, mzee. Mwingine nimeshaupanda getini kwako."

Alikitazama kijiti mkononi mwangu, na uso ukamshuka.

Aung'oe tu. Kila mvua ikianza nitarudi na kijiti kingine, na kila mpita njia atauliza ni nani amezikwa pale getini.