Mtoto Aliyeruka Kwenye Mizani

Kitu kikikimbia, kinakuwa kizito zaidi? Nilipokuwa mdogo niliamini hivyo, na hadi leo harufu ya poda ya watoto hunirudishia swali hilo, pamoja na zahanati ya kambi ya reli kule Élisabethville, akina mama kwenye mabenchi, na mdogo wangu Donati akiwa uchi ndani ya sinia la mizani.

Siku ile tulikuwa na wasiwasi. Mama alitaka kumpeleka Donati kaskazini, Kongolo, bibi yetu apate kumwona. Lakini muuguzi, Mama Viktorina, alikuwa amesema kwamba mtoto mwepesi hapandi treni: sindano isipofika kwenye alama nyekundu, hakuna safari. Wiki nzima Mama alimlisha uji, akirudia kwamba gunia tupu halisimami.

Mimi nilikuwa na dawa yangu. Yaya Gastoni, kaka yetu aliyesoma koleji kwa mapadri, alituambia wakati wa kula kwamba kitu kikienda mbio, masi yake, yaani ule wingi wa kitu chenyewe, inaongezeka. Mbio za namna gani, sikungoja kusikia. Nikasimama nyuma ya Mama, nikamtolea Donati ulimi, nikajaza mashavu upepo. Akacheka, akarusha miguu, na sindano ikaruka kupita alama, ikashuka, ikaruka tena. Mabenchi yote yakacheka naye.

“Unamuchekesha juu ya nini?” Mama Viktorina akaniuliza.

“Akiruka, anakuwa muzito. Yaya Gastoni njo alisema.”

“Basi ambia yaya yako akuye apime yeye. Mimi napima mutoto mwenye kutulia.”

Akaweka kiganja kifuani pa Donati. Tukangoja. Sindano ikayumba, ikachoka, ikasimama juu kidogo ya alama. Mama akashusha pumzi. Uji ulikuwa umefanya kazi yake, ingawa mimi, njia nzima ya Kongolo, nilishikilia kwamba ni kicheko.

Chuo kikuu nikakuta sentensi ileile ya Yaya Gastoni, nikabishana na kila aliyeitamka. Wapo wanaoifundisha bado kwa kuwa inarahisisha hesabu. Wengine wanasema inapotosha, kwamba kinachoongezeka kwa mwendo ni nishati, si masi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mwanafizikia mwenyewe aliyetunga nadharia ambamo sentensi hiyo ilitoka, miaka kadhaa kabla ya asubuhi ile ya mizani, alikuwa amekwisha kushauri itajwe masi moja tu: ile ya kitu kilichotulia.