Kifo Kilichotungwa Mbarara

Mpaka leo nikimkumbuka yule mwalimu wa maigizo wa Mbarara, damu inanichemka. Kikundi chetu cha maigizo cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale kilikuwa na sharti moja tu: tunaigiza yale tuliyosimuliwa na mwenyewe, hatuongezi hata kikohozi. Ndiyo maana watu walituamini. Ukisema jambo umeliona kwenye mchezo wetu, limekwisha, ni kweli.

Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuwahoji watu. Mama mmoja jirani yangu, mkulima aliyetoka Kivu Kusini kama mimi, alinisimulia jinsi mumewe alivyorudi nyuma kutafuta ng'ombe siku ya kukimbia vita, asionekane tena. Miaka ikapita. Wamama wa kanisani walimshauri afanye kilio, moyo upumzike. Akakataa katakata.

"Nilie mutu mwenye sijaona maiti yake? Hapana!"

Tukauandaa mchezo vilevile: mume haonekani, mke anangoja, basi. Tulipoalikwa kuucheza Mbarara, mwalimu yule akaletwa atunyooshe. Alitazama mazoezi huku anapiga miayo.

"Huyu mume lazima afe," akasema. "Watu wanakuja kulia."

"Lakini hajafa!"

"Wewe umemwona?"

"Sijamwona."

"Basi lete shuka."

Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Wenzangu walikuwa na hamu ya jukwaa la mjini, wakaniambia niache ukaidi. Shuka ikaletwa, mume akabebwa maiti, ukumbi mzima ukalia. Mwalimu akanikonyeza, jamani! Nusura nimzabe kofi.

Tulirudi jioni. Asubuhi nikatoka mbio kwenda kumweleza mama kabla hajasikia kwa wengine. Wapi! Waigizaji walikwisha kusimulia kila mahali, na kwa kuwa mchezo wetu hausemi uongo, watu walielewa jambo moja tu: mama amepata habari ya mumewe, akatuambia sisi kwanza. Uani kwake moto wa kilio, ule unaowashwa penye msiba, ulikuwa unawaka. Wamama walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, wanaimba nyimbo za kanisa. Mwenyewe alikuwa shambani.

Akatokea na jembe begani. Alipouona ule moto, jembe likamdondoka.

"Ni mutoto wangu gani amekufa?" akapiga kelele.

"Hapana, mama. Ni baba yabo, bwana yako. Pole sana."

"Nani alileta habari?"

Wote wakanigeukia. Nikasema kwa hasira kwamba hakuna habari yoyote, ni upuuzi wa mtu wa Mbarara, wazime moto waende makwao. Wamama wakaanza kukunja mikeka kwa aibu.

"Musiende," mama akasema.

Akaketi chini katikati yao, akavua kitambaa cha kichwa.

"Nimechoka kungoja. Muimbe."