Chatu Ndani ya Koti

Nilipokuwa utingo wa lori Durban, mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Glenwood alituomba tumpelekee dada yake chatu mdogo Johannesburg. Chatu alikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, ndani ya boksi lenye pakiti ya joto. Tulipopanda milima, baridi ya Julai ilizidi na pakiti ikapoa. Nilimpapasa chatu juu ya kitambaa. Hakujongea.

“Iko inakufa,” alisema dereva, Mkongomani. “Muweke ku tumbo yako.”

“Weka kwako, mzee.”

“Miye niko naendesha.”

Nikauingiza mfuko ndani ya koti, nimeshika fundo. Niliogopa amekufa. Baadaye kitu kilijikunja polepole mbavuni mwangu, hofu ikazidi. Fundo nililikaza kwa mikono miwili mpaka Johannesburg.