Noti Niliyombandika Chozi

Wenzangu, mimi hapa London nimeaibika mara nyingi (nimewahi kusinzia kwenye basi nikaamshwa gereji, dereva kashavua koti anataka kwenda kwake), lakini aibu ya siku ile ni ya kuisimulia mkiwa mmekaa, na hata leo nikipita mtaa ule wa kumbi za maonyesho navuka barabara, najifunika mtandio mpaka puani kama mtu anayedaiwa. Na chanzo chake ni goti.

Kwanza nimweleze mtu mwenyewe. Ni Mmarekani, mwigizaji na mwimbaji, jina lake silitaji kwa sababu nimeshamsumbua vya kutosha. Sisi kule Tanga, kwenye kibanda cha video, tulimwita Chozi, maana hakuna filamu aliyoimaliza bila kulia, na akilia yeye tunalia na sisi, na mwenye kibanda naye analia huku anadai kiingilio. Alianza kwenye tamthilia akiwa daktari kijana, akaja kwenye filamu za mapenzi, halafu tukagundua kumbe anaimba, na sauti si ya mchezo, kaseti yake ilipigwa kwenye kila harusi ya mtaani kwetu ingawa hakuna aliyejua maneno yake yana maana gani. Kisha akaporomoka. Pombe, talaka, filamu za kupigana na mamba, mwisho nikamwona kwenye tangazo la magodoro, nikazima televisheni kwa uchungu, maana huyo kwangu alikuwa kama ndugu.

Alirudi wakati mimi mwenyewe niko chini kabisa. Nilikuwa Croydon, hapahapa London, nasubiri makaratasi ya ukaazi, mume kashaondoka, binti yangu Salma ananyonya, na alfajiri naenda kusafisha maofisi. Chozi akatokea na nywele nyeupe kwenye filamu ndogo tu, anaigiza baba aliyefukuzwa kazi, na katikati ya filamu anaimba wimbo mmoja huku anaosha vyombo jikoni. Ile filamu niliiangalia sijui mara ngapi, nasoma maandishi ya chini huku nanyonyesha. Kiingereza changu cha kwanza chenye adabu nilikipata humo, na nguvu ya kuinuka kitandani niliipata humo pia, nikajiambia, ikiwa huyu katoka kwenye magodoro kafika hapa, mimi nitashindwaje. Kwa hiyo mkinisikia namshukuru mtu asiyenijua, msinicheke.

Basi, Salma kakua, tumehamia Wembley, na mwaka huu akapata kazi ya kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho huko mjini. Ilikuwa kazi ya majaribio. Akipita, wangempeleka kusomea taa za jukwaani, jambo alilolitaka tangu yuko shule, akiharibu basi, na nafasi kama hizo hazirudi. Sasa nani aje kuimba kwenye ukumbi huohuo? Chozi, mzima mzima, mzee sasa, anaigiza mwimbaji wa zamani anayeitafuta familia yake. Salma akaniletea tiketi mbili wanazopewa wafanyakazi, za onyesho la mchana, moja yangu na moja ya shoga yangu Bi Zuhura, Mzanzibari wa Thamesmead.

Masharti akanipa mlangoni, kwa Kizungu chake na kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. "Mama, unakaa, unapiga makofi, basi. Usimwite mtu jina. Usile karanga."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa mjini."

Kiti changu kilikuwa cha ndani, cha Bi Zuhura ndicho kilichokuwa pembeni, kando ya njia. Goti langu la kushoto halipendi kukunjwa, nikamwomba tubadilishane, akasema, "Haya shoga, lakini hapo pembeni utapigwa na baridi." Ningepigwa na baridi tu ningeshukuru. Ningebaki kule ndani, nimebanwa na magoti ya watu, haya yote yasingekuwa.

Onyesho likaenda vizuri, nimetulia, mikono mapajani, mpaka ukafika wimbo ule wa jikoni. Waliuchomeka humo nadhani kwa ajili ya watu kama mimi. Chozi akashuka ngazi za jukwaa, akaja taratibu kwenye njia ile ile niliyokaa, akasimama karibu nami kiasi cha kumhesabia makunyanzi, na sauti haijachakaa, imeingia ukungu kidogo tu, ndiyo ikazidi kuchoma. Nikaiona Croydon yote. Nikaona na kile chumba nilichokuwa namnyonyeshea Salma.

Sasa nyie mnajua kwetu. Kwenye taarabu wimbo ukikufika hukai kama gogo, unainuka, unakwenda kwa madaha, unamtunza mwimbaji kwa noti, watu wote waone kuwa maneno yamekupata. Mie hapo hata sikufikiri. Mkono uliingia pochini wenyewe, ukatoka na noti ya pauni ishirini, na Bi Zuhura, badala ya kunivuta gauni nikae, akanichomekea na kumi yake akaninong'oneza, "Na mie nitunzie."

Nikainuka, lakini Chozi kashageuka anarudi jukwaani. Hapo ningerudi kukaa. Nikamfuata, mabega nayarusha, mkono juu na noti, goti haliumi hata kidogo, ngazi nikazipanda kama bibi harusi, na ukumbi ukaanza kupiga makofi kwa kudhani nimo kwenye mchezo, na yale makofi (nasema ukweli) yakanipanda kichwani.

Nikambandika ile noti kwenye paji la uso. Kwetu noti ya karatasi ukiibandika kwenye jasho inanata mpaka wimbo uishe. Za huku ni za plastiki. Ikateleza, nikaiokota, goti likakumbuka kazi yake, nikabandika tena, ikateleza tena, mwisho nikaishikilia kwa kiganja, na yule mzee wa watu anaendelea kuimba huku nimemkandamiza kichwa kama napima homa ya mtoto. Ile kumi ya Bi Zuhura nikamtia mkononi, yaishe. Nageuka nishuke, sishuki, kumbe lesi ya mtandio wangu imenasa kwenye kifungo cha koti lake. Nikivuta anakuja. Bendi inarudia kipande kimoja tu, hawajui waende wapi.

Ndipo nikamwona Salma chini ya ngazi, tochi mkononi, kaganda. Makofi yote yakanitoka masikioni. Nikajua nimemharibia mwanangu.

Tulitoka jukwaani tumeunganishwa, mimi kinyumenyume, Chozi akiimba, mpaka mtu mmoja nyuma ya pazia akaja na mkasi akaikata lesi. Yeye akarudi kumaliza wimbo wake, mimi nikapelekwa ofisini kwa meneja, mwanamke mwembamba mwenye upole wa kutisha. Salma akaitwa naye. Meneja akaishika tiketi yangu, akauliza kama tunajuana, maana ile ilikuwa tiketi ya wafanyakazi.

"Simjui," nikasema upesi. "Tiketi niliiokota kituoni."

Salma akaiweka tochi mezani. Huyu mtoto tangu aanze shule anaelewa kila ninachosema na kila kitu ananijibu Kizungu. Akanitazama mimi kwanza, akasema kwa Kiswahili, "Mama, usinikane." Halafu akamgeukia meneja kwa Kiingereza chake: "Huyu ni mama yangu. Tiketi nilimpa mimi."

Nikakosa pa kuweka uso. Niliyekuwa namlinda ndiye aliyenisimamia.

Wakati wa mapumziko mlango ukafunguka, Chozi huyo, taulo shingoni, mkononi ana noti zote mbili na kipande cha lesi yangu. Akauliza, kwa adabu, lile jambo lilikuwa na maana gani. Jamani, shukrani za huyu mtu nimeziandaa miaka, nazifanyia mazoezi hata nikipiga deki, na Kiingereza chote kikanikimbia. Nikaanza kwa Kiswahili, Salma akatafsiri. Nikamweleza kutunza ni nini. Nikamweleza kibanda cha Tanga, kaseti, harusi (magodoro Salma aliyaruka, nilimsikia). Nikafika Croydon, jinsi nilivyokuwa nafungulia maji ya bafuni ili mtoto asinisikie nikilia, na jinsi ule wimbo ulivyokuwa unanitoa humo bafuni nikaenda kazini. Hapo Salma akanyamaza. Sikuwahi kumwambia hilo. Meneja akasubiri, Chozi akasubiri, mwanangu akanishika mkono, akavuta pumzi, akatafsiri mpaka mwisho bila kuruka neno.

Chozi alilia, kama kawaida yake. Meneja akasema pesa lazima zirudishwe, ndiyo taratibu, naye Chozi akazitia mfukoni akasema hazirudi, amezifanyia kazi. Akamwomba meneja kwa upole asimwadhibu binti kwa shukrani za mama. Salma alipewa onyo, halafu akapita majaribio, na sasa anasomea hizo taa zake, alhamdulillahi, na kila nikisali namtaja yule mzee kwa jina lake kamili.

Mimi nimeapa. Nikienda tena nakaa kiti cha ndani, goti liume litakavyo, na pochi naiacha nyumbani. Bi Zuhura ananuna mpaka leo, anasema kumi yake haikubandikwa, kwa hiyo hakutunziwa.

Na huko kazini Salma kapoteza jina, anaitwa binti wa yule mama wa jukwaani. Nilimuuliza juzi kama anaona haya. Akasema anaona, tena sana, lakini wakimwita anaitika.