Kitanda cha Sokwe

Mwenye nyumba anapaka rangi ya mafuta kuta za nje za vyumba vyetu hapa Mishomoroni. Paa linavuja vilevile. Harufu ya rangi mbichi imenikaa kooni, nami naijua tangu utotoni.

Ni ya hoteli moja kule Shelly Beach, ambako mama alisuka makuti ya kuezekea mabanda, nami nikimshikia fito. Nyuma ya jiko palikuwa na sokwe ndani ya kizimba cha chuma. Kila jioni mama alimpitishia mabaki ya makuti. Sokwe aliyakunja, akayakanyaga kwa kisigino, akajitandikia kitanda cha duara kama ungo.

Kisha wageni wakalalamika kwamba kizimba kinatia huruma, na hoteli ikakitengeneza. Sakafu ikapigwa saruji laini, ukuta wa nyuma ukachorwa kwa rangi ya mafuta minazi yenye madafu. Makuti yakakatazwa, eti yanaleta uchafu.

"Haya mama, waonaje?" meneja aliuliza, mikono kiunoni.

"Pamependeza, bwana," mama alijibu. "Na alale wapi?"

"Kwani hapo si pasafi?"

Sokwe alikuwa ameketi chini ya mnazi wa rangi, akijinyonyoa manyoya ya mkono wa kushoto na kuyapanga kwenye saruji, kwa duara. Mgeni mmoja alimpiga picha, akasema, "Sasa roho yangu imetulia."

Asubuhi manyoya yalifagiwa. Sokwe akaanza mkono wa kulia.